Nilirudisha Ng'ombe wa Baba Mkwe Nikiwa Uwanja wa Ndege

"Tiketi yako imefutwa, dada."

Nilicheka. Naapa nilicheka, maana nilidhani yule kijana wa kaunta amesoma vibaya.

"Angalia tena," nikamwambia. "Wacuka. Naenda Nairobi. Ndege ya saa kumi na moja jioni."

Akagonga kompyuta yake. Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyechoka.

"Imefutwa leo asubuhi. Na mwenye tiketi mwenyewe, kupitia barua pepe."

"Mwenye tiketi ni mimi! Mimi hapa!"

Nyuma yangu watu kama mia mbili wakapiga kelele nitoke kwenye foleni.

Ndugu zangu mnaonisoma, kama mmewahi kuona dunia ikizima huku taa zikiwaka, basi mnajua nilivyohisi. Ilikuwa Jumatano. Kesho yake, saa nne asubuhi, mwanamke nisiyemjua angesimama mbele ya bodi ya ardhi Kajiado, aseme yeye ndiye Wacuka...

...na aliuze kaburi la mama yangu.

Ngojeni niwaeleze.

Nafanya kazi Ghuba, huko Uarabuni, katika dobi ya hoteli. Mwaka wa tatu sasa nakunja shuka za watu nisiowahi kuwaona sura. Mume wangu ni Allan Kasaine, Mmaasai wa Bisil. Mimi ni Mkikuyu wa nyumba za kukodi. Mama yangu alizaliwa kwa ardhi ya mtu, akaolewa kwa ardhi ya mtu, akatulea kwa nyumba za watu. Mwenye nyumba akiamka vibaya, sisi tunahama.

Mimi na Allan tulinunua eka moja, ukitoka Kitengela kuelekea Isinya. Mimi nilikuwa nachambua maua shambani Isinya, yeye anauza mbuzi. Tukajibana hadi tukapata. Mama alipofariki, hatukuwa na pengine pa kumzika. Tukamzika pale.

Nakumbuka nikiweka msalaba, nikamwambia, "Mama, hapa hakuna mtu wa kukuhamisha."

Hati ilitoka kwa jina la Allan. Sikujali. Sheria iko wazi: mume hauzi shamba mpaka mke asimame mbele ya bodi, kwa miguu yake mwenyewe, na kitambulisho mkononi, aseme amekubali.

Na kitambulisho changu? Nilikiacha nyumbani kwenye kabati! Ukisafiri unabeba pasipoti. Nani hubeba kitambulisho?

Jumatatu ndipo ujumbe ulipoingia. Ulitoka kwa Soipan, dada yake Allan.

"Wacuka rudi haraka. Allan anauza shamba. Bodi inakaa Kajiado Alhamisi. Amepata mwanamke wa kusimama kama wewe."

Nikampigia. Haikushikwa. Nikaandika. Alama za kusomwa zikaja, jibu halikuja.

Nikampigia tena mara kumi na tatu. Kimya!

Basi nikamkimbilia mtu mmoja niliyemwamini kuliko damu yangu. Evalyne. Ana cyber pale Kitengela. Ndiye aliyenijazia fomu za pasipoti, akanipa chai siku niliyonyimwa viza, akanishika mkono tulipomzika mama. Jumatatu hiyo hiyo aliniambia, "Nitumie pesa nikukatie tiketi. Hiyo kesi tunaimaliza."

Akakata. Nikamwomba meneja ruhusa nikipiga magoti. Nikaweka nguo chache kwenye begi.

Halafu mvua ikanyesha.

Msicheke. Nchi ile haijui mvua. Siku mbili tu, na barabara zikawa mito. Kufika uwanja wa ndege nilitembea maji yakiwa magotini, begi kichwani kama mama anayetoka sokoni. Ndani, skrini za ratiba za ndege zilikuwa nyekundu juu hadi chini. Watu wamelala juu ya masanduku. Watoto wanalia kwa lugha ishirini. Mwanaume mmoja wa suti alikuwa anapigana na mashine ya kuuza maji, na mashine inashinda.

Ndipo nikaambiwa tiketi yangu imefutwa.

Nikampigia Evalyne.

"Eva! Wamefuta tiketi yangu!"

"Ngai! Nani?"

"Si ni Allan! Email yangu iko kwa simu yake!"

"Nilikuambia, msichana wangu. Hao watu wamekuchezea. Na si Allan peke yake."

"Unamaanisha nini?"

Akaguna kama mtu anayejifanya hataki kusema.

"Yule mzee. Baba mkwe wako. Nimesikia yeye ndiye anaenda kuwa shahidi kesho."

"Mzee Kasaine? Haiwezekani."

"Iwezekane mara ngapi? Pakiteng wako huyo."

Hapo moyo wangu ulipasuka.

Mnajua, kwa Wamaasai bibi arusi hafiki tu boma la mume akaingia. Anasimama nje. Anakataa kusogea hadi watu wa boma wamwahidi wanyama. Na yule anayekupa mnyama, kuanzia siku hiyo hamwitani kwa majina. Mnaitana kwa kile alichokupa. Mtu wa ng'ombe ni Pakiteng. Anakuita hivyo, unamwita hivyo, hadi mmoja wenu azikwe.

Siku yangu ilipofika, nilisimama nje ya boma Bisil na viatu vyangu vya kukodi. Shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Mkikuyu atajua nini na ng'ombe? Mpeni kuku!" Watu wakacheka.

Mzee Kasaine hakucheka. Akanyanyua fimbo akaonyesha ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe.

"Hiyo ni yake. Pakiteng, ingia nyumbani."

Nililia. Mimi, mtoto wa nyumba za kukodi, nimeambiwa ingia nyumbani!

Na sasa mzee huyo huyo anaenda kushuhudia nikifutwa?

"Na Soipan?" nikamuuliza Evalyne. "Yeye ndiye alinionya."

"Alikuonya halafu akanyamaza. Si wameshamtuliza? Mimi ningekuwa wewe ningewaambia ukweli wao. Wajue umejua. Wewe tulia huko, mimi kesho nitakuwa Kajiado mwenyewe."

"Asante, Eva. Mungu akubariki."

Jameni, nilimshukuru!

Nikafungua WhatsApp ya Soipan. Nikabonyeza kinasa sauti. Na kwa hasira ya miaka mitatu ya kukunja shuka, nikasema hivi:

"Soipan, mwambie baba yako nimemrudishia ng'ombe wake! Asiniite Pakiteng tena. Jina langu ni Wacuka. Nyinyi wote hamkunipenda siku hata moja. Nimemalizana na familia yenu!"

Nikatuma. Ikasomwa papo hapo.

Halafu nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji, nikalia kama mtu aliyefiwa.

"Wewe! Wa kwetu?"

Niliinua macho. Mwanamke mfupi, sare ya usafi, fagio la maji mkononi. Kwenye kifua ameandikwa Nalianya.

"Mkenya?" nikauliza.

"Bungoma. Kunywa maji kwanza. Unalia kiasi hiki, ni mume au ni mwajiri?"

"Mume."

"Basi utapona. Ya mwajiri ndiyo mbaya. Haya, niambie."

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Alisikiliza huku anasukuma maji, hakusimama hata mara moja.

"Sikia," akasema. "Hii mvua imefungia watu nje. Ndege ya Nairobi imecheleweshwa, lakini itaruka. Na nusu ya abiria hawawezi kufika hapa. Unaelewa? Viti viko. Nenda kaunta ya mwisho kule, ya yule mama mwenye miwani. Usimwambie habari ya tiketi iliyofutwa. Mwambie unanunua mpya."

"Na akikataa?"

"Simama hapo hapo. Mtu hanyimwi kiti akiwa amesimama mbele yake. Mtu ananyimwa akiwa amelala sakafuni analia."

Nilisimama mbele ya yule mama mwenye miwani hadi miguu ikafa ganzi. Mara tatu akasema hapana. Mara ya nne akatazama orodha yake, akatazama macho yangu, akasema, "Leta kadi."

Kadi yangu ilivuta pumzi yake ya mwisho pale. Akiba yote ikaisha. Nikaruka alfajiri ya Alhamisi, begi langu limebaki sijui wapi, suruali bado mbichi magotini.

Niliomba njia nzima. Sikuomba kurudishiwa mume. Niliomba nifike kabla ya saa nne.

Tukatua saa mbili na nusu.

Foleni ya pasipoti ikanila. Nilipotoka nje ilikuwa saa nne kasoro robo.

Nikampigia Evalyne. Mteja hapatikani.

Soipan. Mteja hapatikani.

Dereva wa teksi aliitwa Sydney, kijana mwenye kofia ya manjano.

"Kajiado ni mbali, siste. Una mzigo?"

"Sina mzigo. Niko na saa tu."

Akaniangalia mara moja. "Ingia. Nakunyongea."

Alinyonga mafuta kweli. Lakini Mlolongo haijui mtu ana shida. Malori yamejipanga kama ukuta. Athi River hivyo hivyo. Saa nne ikapita nikiwa natazama mgongo wa lori la simiti. Niliuma kidole hadi damu ikatoka.

Tukavuka Kitengela. Mbele kidogo, kabla ya Isinya, nikaona shamba langu kutoka barabarani.

Kulikuwa na lori ndani.

Lilikuwa linamwaga kokoto. Rundo la kwanza lilikuwa limeshafika hatua chache kutoka kwa msalaba wa mama.

"Siste, tusimame?"

"Twende!"

"Unalia."

"Twende, Sydney! Lori halina hatia. Twende!"

Tulifika Kajiado saa sita kasoro dakika kumi. Nikaruka gari likiwa bado linatembea. Askari wa lango akaninyooshea mkono.

"Unaenda wapi, mama?"

"Bodi ya ardhi!"

"Bodi imeinuka kitambo."

Nikashika lango. Nilikuwa nimevuka bahari, nimevuka mafuriko, nimevuka Mlolongo... na nimechelewa. Mama yangu amehamishwa tena. Hata kaburini amepata mwenye nyumba.

Ndipo nikasikia kelele.

Kona ya jengo, polisi wawili walikuwa wanamleta mwanamke kwenye Landcruiser. Amefunika kichwa kwa leso, barakoa usoni, macho tu ndiyo yanaonekana. Nyuma yake Allan, mume wangu, pingu mkononi, anapiga domo: "Afande, tuongee kama wanaume, afande!"

Yule mwanamke alikuwa amevaa gauni la kijani.

Ninalijua hilo gauni. Nililinunua mimi. Nililituma na mgeni kutoka Ghuba, Krismasi iliyopita, nikaandika kwenye karatasi, "Kwa dada ambaye mama hakunizalia."

Nikaenda mbele yake nikavuta barakoa.

Evalyne.

"Eva?"

Alinitazama miguuni, kwenye suruali yenye tope la mafuriko, kana kwamba hakuamini nimewezaje kufika.

"Ulisema utakuwa Kajiado," nikamwambia.

Polisi wakamwinua wakamtia kwenye gari.

Mnanielewa? Kitambulisho changu alitolewa kabatini na Allan. Barua pepe yangu aliifungua yeye siku ya fomu za pasipoti, na nywila anayo. Tiketi alikata yeye, akafuta yeye. Alininunulia ili nitulie, nisitafute njia nyingine. Na mwaka mzima nikimlilia kuwa Allan amebadilika, alikuwa anajua amebadilika vipi, kwa sababu alikuwa analala naye.

"Wacuka!"

Soipan alikuja mbio akanikumbatia hadi nikakosa hewa.

"Kwa nini hukushika simu?" nikampigia kelele. "Kwa nini?"

"Simu gani? Allan aliichukua Jumatatu, mara tu alipoona nimekuandikia. Amekuwa nayo yeye siku zote."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Kwa hivyo ile sauti yangu... ya jana..."

Soipan akatazama chini.

"Allan alimsikilizisha baba."

Nilitaka ardhi ya Kajiado inimeze.

"Usilie, sikia," Soipan akasema. "Bodi ilitaka mzee wa familia. Allan alimchagua baba kwa sababu macho yake yameingia ukungu. Alijua atakaa pale aseme ndiyo, huyu ni mke wa mwanangu, na hataona kitu. Jana baba akasitasita. Basi Allan akamchezea sauti yako. Akamwambia, 'Sikia bibi wa Kikuyu anavyokutusi. Yuko Kitengela tangu wiki jana, anataka tuuze achukue zake aende.'"

"Na mzee akasemaje?"

"Akasema, 'Icheze tena.'"

"Tena?"

"Mara mbili. Allan alifurahi, akafikiri mzee anawaka. Mimi nilikuwa namtengea chai. Allan alipotoka, baba akaniambia, 'Nyuma ya huyo mama kuna watu mingi, na kengele, na mwarabu anaita kwa spika. Hiyo si Kitengela. Huyu mtoto ako mbali, na analia.'"

Nikaziba mdomo.

"Leo bodini," Soipan akaendelea, "mwenyekiti ameuliza, 'Mzee, unamjua huyu?' Baba akasema, 'Wacha nimsalimie.' Akamsalimia Kimaasai, 'Takwenya.' Yule mwanamke akajibu, 'Iko.' Vizuri kabisa. Akasema, 'Pakiteng!' Naye akajibu, 'Pakiteng!' Hata hilo alilijua!"

Bila shaka alilijua. Nilimweleza mimi, miaka yote, kikombe kwa kikombe.

"Watu wakatulia. Mwenyekiti akachukua kalamu. Baba akauliza, 'Na ile ng'ombe yetu iko aje?'"

Nikashika mkono wa Soipan.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Iko sawa, baba. Imezaa tena.'"

Ndugu zangu... ng'ombe yule alikufa kwenye kile kiangazi kibaya, mwaka wangu wa kwanza nje. Mzee alinipigia mwenyewe, kwa simu ya Soipan, maana yeye hana simu. Hakusema mengi. "Pakiteng, imeanguka." Tukakaa kwenye simu tukilia wote wawili, yeye Bisil, mimi nyuma ya mashine za kufulia. Sikumwambia Evalyne. Niliona aibu, nikajua atanicheka kwa kulilia ng'ombe.

Kitu kimoja tu katika maisha yangu ambacho sikumpelekea Evalyne. Kimoja tu!

"Baba akagonga fimbo chini," Soipan akasema. "Akasema, 'Mwenyekiti, huyu si mtoto yangu. Na huyu kijana yangu ni mwizi. Mfunge mlango.'"

Mzee Kasaine alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kibanda cha fotokopi, soda mkononi, shuka lake jekundu limekunjwa vizuri magotini. Macho yake meupe yalikuwa yanatazama upande wa sauti zetu. Ni mwanawe aliyekuwa ametoka kumkabidhi kwa polisi.

Nikapiga magoti mbele yake, nikainamisha kichwa.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, baba. Ni Wacuka."

Akaweka soda chini polepole.

"Wacuka? Mimi sijui mtu anaitwa hivyo."

"Baba, nisamehe. Nilisema maneno..."

"Nimeyasikia. Mara mbili."

"Nilikurudishia ng'ombe wako, baba. Kwa mdomo wangu."

"Ng'ombe gani?"

"Yule mwekundu."

"Ile ilikufa kwa kiangazi." Akaweka kiganja chake kizito juu ya kichwa changu. "Sasa wewe ulirudisha nini? Huwezi rudisha ng'ombe imekufa. Na kama hujarudisha, hiyo jina iko kwako bado."

Watu wa fotokopi waliacha mashine.

"Pakiteng," akasema.

Akangoja. Mzee yule ana subira ya mtu aliyengoja mvua maisha yake yote.

Ninyi mlio mbali na kwenu, nawasihi: kagueni mnapata habari za nyumbani kupitia mdomo wa nani. Mimi nilimpa mtu mmoja ufunguo wa kila kitu kwa sababu alikuwa anashika simu haraka. Na nilimtukana aliyenipenda, kwa sababu alikuwa kimya na hakuwa na simu ya kunijibu. Si kila anayenyamaza amekuuza. Si kila anayepokea simu ni wako. Na hasira, ukiweza, isipande ndege kabla yako.

Jioni hiyo lori la mnunuzi lilirudi likazoa kokoto yake. Nilisimama kando ya msalaba hadi jiwe la mwisho likaondoka, na Soipan amenishika mkono, na mzee amekaa ndani ya teksi ya Sydney akiuliza kila baada ya dakika, "Wamemaliza?"

Lakini pale Kajiado, nikiwa nimepiga magoti, nilivuta pumzi, nikafuta pua kwa mkono, nikamjibu.

"Pakiteng."

"Eeh," akasema. "Sasa inuka, uniambie hiyo mafuriko. Maji ilifika wapi?"